Nipe Mji

Siku mume wangu Musau alipolima kunde za Kavutha, alilima vizuri sana. Nalisema hilo kwanza kwa sababu hakuna mwingine aliyelisema. Mistari ilinyooka kama imepigwa kamba ya fundi, udongo uligeuka wote, hata kwenye kona penye mawe. Shida ni kwamba kunde zilikuwa zimeshatoa maua, na shamba halikuwa letu.

Kavutha ni jirani yetu, ametengwa nasi na ua wa minyaa tu. Alikuja mbio, leso ameishika kichwani isianguke.

"Baba Munyao! Wewe Baba Munyao! Hebu simama!"

Musau akawasimamisha ng'ombe. "Habari ya asubuhi, mama."

"Habari gani na wewe umenimalizia mboga?"

Musau akageuka akatazama kazi yake, akatabasamu. "Hata mvua ikija leo, itakukuta uko tayari."

Kavutha alifungua mdomo atukane, halafu akaufunga. Kisha akaketi pale pale kwenye mtaro, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mama Munyao," akaniita, "mume wako amenilimia bure kabisa, ila sasa hujaniambia nitakula nini." Nikamkatia kunde zetu kikapu tele, tukanywa chai, nami nikadhani yameisha.

Lakini huku Kalama habari haikai kitako. Kabla sijaosha vikombe, mwanangu Munyao alikuwa ananipigia simu kutoka Kinanie, anakouza saruji na mabati.

"Mwaitu, ati nau amelima shamba la watu?" Kikamba chetu mwaitu ni mama, na nau ni baba.

"Amelima. Na amelima vizuri."

"Mwaitu, hiyo si mambo ya kuchekesha."

Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeingia nyumbani kwetu polepole, kama kuku wa jirani: leo yuko mlangoni, kesho yuko jikoni, kesho kutwa ametaga chini ya kitanda. Musau alianza kwa kutafuta kofia aliyoivaa. Akaja akaniita kwa jina la dada yake, Ndila, ambaye tulimzika zamani. Wajukuu akawa anawasalimia kwa heshima kama wageni wa kanisa. Ilinichoma, sitadanganya. Lakini alikuwa na furaha yake. Kila asubuhi alikwenda zizini, na Meja na Kyeni, maksai wake wawili, wakasimama wenyewe kabla hajatamka neno. Nira, mnyororo, plau. Mikono yake ilijua kila kitu kinakaa wapi. Jina langu lilimponyoka, lakini hakuwahi kumfunga Kyeni upande wa Meja.

Na tulikuwa na mchezo wetu. Jioni tukichambua mbaazi mimi hutega vitendawili. Nilisoma shule ya msingi tu, na hilo ndilo somo nililolipenda. Kikamba tunaanza hivi: mmoja anasema, "Kwata ndai!" na mwenzake anajibu, "Nakwata," yaani tega, niko tayari. Asiyejua jibu anatoa mji. Na aliyepewa mji anajigamba: nimekwenda mji wako, nimechinjiwa, nimekula hiki na kile, ndipo anatoa jibu.

Musau alikuwa mchoyo wa miji. "Nipe mji," namwambia.

"Machakos sikupi. Machakos ni yangu."

"Basi nipe Kangundo."

"Huko pia niko na rafiki. Chukua Ekalakala. Kuna jua, litakukausha vizuri."

Miaka yote ya ndoa nimepewa Ekalakala. Kama ingekuwa miji ya kweli, ningekuwa naitawala na soko lake.

Kuna kimoja alikitunga mwenyewe wakati ananichumbia: ndugu wawili wamebeba mti mmoja shingoni mchana kutwa, na jioni nyumbani hakuna kuni. Jibu lake ni maksai na nira. Ugonjwa ulipomkaza, nikawa namtegea hicho hicho chake. Alifikiri, akawatazama Meja na Kyeni kupitia mlangoni wakicheua, akakuna ndevu, akasema, "Hicho ni kigumu. Chukua Ekalakala." Tukacheka wote wawili, kila mmoja na sababu yake.

Majibu yote aliyasahau. Lakini "Nakwata" hakuisahau hata jioni moja. Shikeni hilo, kwa maana ndilo nililolishika mimi.

Baada ya zile kunde, Munyao akaja na lori. Alikuja pia na mafundi, na geti la chuma lililopakwa rangi ya bluu, na waya wa kuzungushia boma.

"Leo ni kunde za watu," akaniambia. "Kesho ataingia barabarani na ng'ombe, agongwe. Utaniambia nini?"

Ni kweli Musau alikuwa anapotea. Mara moja vijana walimrudisha kutoka njia ya kwenda Kola, amevaa kiatu kimoja. "Geti sawa," nikasema. "Lakini ng'ombe je?"

"Baba Nthenya atanifugia kule Ekalakala. Yeye ana nyasi, ana wafanyakazi." Nthenya ni mke wa Munyao, na baba yake, Mzee Makau, ni mtu wa heshima. Nikatulia kidogo.

"Umwambie baba yako basi. Aagane nao."

"Mwaitu, nimwambie kitu atakachosahau kabla sijawasha gari? Mpe chai. Jumapili hatakumbuka hata kama alikuwa na ng'ombe."

Musau alikuwa ndani anakunywa chai na mandazi waliyomletea, wakati Meja na Kyeni wanapandishwa lorini. Kyeni alikataa kupanda. Walimsukuma. Alilia mara moja tu, na Musau akainua kichwa. "Huyo ana kiu," akasema. Akaweka kikombe chini, akatoka. Alipofika nje, lori lilikuwa limeshapita kwenye geti jipya, na fundi alikuwa anajaribu kufuli.

Wiki hiyo alikwenda zizini kila asubuhi. Anasimama mlangoni, mnyororo mkononi.

"Wako wapi?"

Na hapo ndipo ujuaji wa watu ulianza. Munyao kwa simu: "Nau, wako malishoni." Nthenya akija na watoto: "Wamepelekwa dipu kuogeshwa, nau, watarudi jioni." Mtu wa kanisa aliyekuja kutuombea: "Mzee, si wako hapo nyuma ya nyumba?" Na Musau akaenda kuangalia nyuma ya nyumba. Alikwenda kweli, mzee wa watu, akiegemea ukuta. Akarudi. Kila mtu alimpa uongo wake, uongo mwepesi kama peremende anayopewa mtoto, kwa kuwa walijua hatausikia mara mbili. Mimi nilimwambia nilichokijua: "Wako Ekalakala kwa mkwe."

Kisha akaacha kuuliza. Munyao akafurahi. "Unaona? Si nilikwambia atasahau?"

Aliacha kuuliza, na akaacha na mengine. Aliweka kigoda chake akielekea lile zizi tupu, akakaa. Muthokoi, mahindi ya kukobolewa ambayo ameyapenda tangu ujana, aliyageuza kwenye sahani mpaka yakapoa. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo na kulala macho wazi, au analala mchana kutwa amegeukia ukutani. Nikimvalisha shati, mikono inaning'inia kama mikono ya shati jingine. Mbavu zikaanza kuonekana. Siku moja nikimnawisha uso akasema, waziwazi, bila kunitazama, "Mimi nafanya nini hapa?" Nikamwambia yuko kwake. Akasema, "Hapana. Nafanya nini?"

Nikamtegea. "Kwata ndai!"

Kimya.

"Baba Munyao. Kwata ndai!"

Aligeuza uso upande wa pili.

Nikampigia Munyao. "Baba yako ana kitu."

"Mwaitu, ni ule ugonjwa unaendelea. Tulisema utafika hapo."

"Huo naujua, nimelala nao kitanda kimoja. Mtu aliyesahau anakosa jibu. Huyu hataki hata swali."

"Sasa hiyo ni nini?"

"Hiyo ni huzuni."

Alicheka, si kwa ubaya, kama anavyocheka mtu mwenye mteja dukani. "Huzuni ya nini na hakumbuki?"

Nikamwomba Kavutha anisaidie, tukampeleka Musau hospitali mjini sisi wenyewe. Daktari alikuwa msichana mdogo wa Kikikuyu, anaitwa Wacuka, na alifanya jambo ambalo sikuwa nimeona likifanywa kwa muda mrefu: alivuta kiti akaketi mbele ya Musau, akamsalimia yeye kwanza. Musau hakuitika. Daktari akanigeukia mimi, akaniuliza juu ya usingizi, chakula, kilio. Nikamweleza juu ya vitendawili. Sikujua kama ni jambo la kumweleza daktari, lakini aliacha kuandika.

"Shosho," akaniambia, yaani bibi kwa desturi ya kwao, "umeona vizuri. Hapa magonjwa ni mawili. Ule wa kusahau siwezi kuuondoa. Lakini amepata na sonona, na huo tunaweza kuupunguza. Watu wengi hawauoni. Wanafikiri yote ni kusahau."

"Anawezaje kuhuzunika na hajui kilichomhuzunisha?"

"Wewe ukiumwa tumbo, mpaka ukumbuke ulichokula?"

Kavutha akaguna. "Huyo ni mtoto lakini anajua."

Daktari aliandika dawa. Halafu akauliza kama kuna kitu Musau amepoteza karibuni. Nikamwambia. Akafikiri kidogo. "Hamwezi kumrudishia hata mmoja? Si wa kulima. Wa kumpa nyasi, ashike kamba. Dawa peke yake ni nusu ya kazi."

Nilitoka pale na miguu ya msichana. Hata mmoja! Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

Munyao hakupenda. "Mwaitu, hizo si dawa za watu wa kichaa? Watu wakijua?"

"Watu walijua amelima kunde, na hawakufa. Sasa nisikilize, nataka Kyeni arudi."

"Tutaona," akasema. "Mwezi ujao niko bize kidogo." Mwezi uliokuja pia alikuwa bize.

Musau akameza dawa zake, maana mimi ndiye niliyemwekea kila moja mkononi. Uji alianza kuunywa, nusu kikombe. Lakini macho yake hayakutoka kwenye zizi. Nikaona nikimngoja Munyao nitamzika huyu mtu. Nikamwachia Kavutha, nikajaza kyondo mbaazi, kwa kuwa kwa wakwe huendi mikono mitupu, nikaenda Ekalakala mwenyewe.

Jueni kwamba kwetu mwanamke hatoki nyumbani kwake kwenda kudai ng'ombe kwa mkwe. Ni aibu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nisianze na ng'ombe, nianze na mvua, niulize watoto, nile, ndipo niseme.

Mzee Makau alinipokea kwa mikono miwili. Nikala. Tukaongea mvua mpaka ikaisha. Nikasema, "Mkwe, nimekuja kuwashukuru kwa kutufugia. Naomba mniruhusu nirudi na mmoja. Mzee anaumwa kwa ajili yao."

Makau akamtazama mkewe. Mkewe akaangalia sakafu.

"Ng'ombe gani, mkwe?"

"Wale maksai. Meja na Kyeni."

"Hapa?" Akanyanyuka nusu, kama anayetaka kunionyesha zizi lake, kisha akaketi tena, kwa sababu alikuwa mtu mzima na alishaelewa kabla yangu. "Mkwe, hapa hakujaletwa ng'ombe."

Nilitamani ardhi ya Ekalakala, niliyopewa mara nyingi hivyo, ifunguke hata mara moja inimeze. Nikainua kikombe, kilikuwa kitupu, nikanywa.

Nikampigia simu Munyao nikiwa chini ya paa la duka pale sokoni.

"Uliwapeleka wapi?"

"Nani?"

"Munyao."

Nikasikia anatoka nje ya duka lake, kelele zinapungua. "Mwaitu, pale Kinanie kuna mchinjaji. Walikuwa wamezeeka pia."

"Wote wawili?"

"Sasa ningebakiza mmoja afanye nini? Na geti lingetoka wapi? Na waya? Mlitaka nau apotee?"

Kumbe ndiyo maana. Lile geti la bluu ndilo lilikuwa Meja na Kyeni. Kila asubuhi nimelifungua na kulifunga kwa mkono wangu.

"Ulinidanganya hata mimi, na mimi sisahau," nikamwambia, nikakata simu.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Musau alikuwa kwenye kigoda chake. Kavutha alikuwa amemfunika leso magotini. Aliponiona uso akaondoka bila kuuliza.

Nilikaa chini, kwenye udongo, nikamzibia lile zizi kwa mwili wangu. Njia nzima nilikuwa nimetafuta uongo mzuri. Nikaona umeshamalizwa wote, hakuna uliobakishiwa mke.

"Baba Munyao. Meja na Kyeni hawako malishoni. Hawakwenda dipu. Hawako Ekalakala, nimetoka huko. Waliuzwa kwa mchinjaji, Kinanie. Walichinjwa."

Macho yake yalitembea, yakanifikia, yakakaa. Ilikuwa siku nyingi hajanitazama.

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Siku moja?"

"Siku moja."

Akafikiri. Alifikiri kama zamani, akikuna ndevu. "Afadhali," akasema. "Hakuna aliyebaki kumtafuta mwenzake."

Ndipo akalia. Mwanamume wa Kikamba, mzee wa kanisa, alilia kwa sauti mpaka Kavutha akarudi mbio akidhani kuna msiba. Nikamwambia ni msiba ndiyo. Nilingoja acheke, kwa kuwa ni Kavutha. Hakucheka. Aliketi upande wa pili wa Musau, akajifunga leso kiunoni kama tunavyojifunga kwenye matanga, na akamshika mkono. Basi tukakaa matanga ya ng'ombe wawili, wanawake wawili wazee na mwenye mali. Mtu angepita njiani angetuona wajinga. Geti lilikuwa limefungwa, hakuna aliyepita.

Kesho yake Musau alitoka nje, akakishika kigoda chake mwenyewe, akakigeuza. Akakaa zizi likiwa mgongoni. Nilimletea uji, akaumaliza.

Nisiseme amepona. Hajapona. Kuna siku hataki kuamka, kuna siku ananiogopa. Daktari ameongeza dawa kidogo. Nilimwuliza kama nilikosea kumwambia ukweli, akasema wengine ungewaumiza upya kila siku wakiuliza. Lakini Musau hakuuliza tena.

Jumapili ile iliyofuata Munyao akaja. Alileta nyama, kifurushi kizito kimefungwa kwenye gazeti, maana hakuna njia nyingine ya kuomba msamaha aliyofundishwa. Niliipika. Ni mtoto wangu. Tukaketi watatu mezani. Musau sahani yake niliiwekea kunde na ugali.

"Nthenya ameniambia ulienda mpaka kwao," Munyao akasema, kwa sauti ya chini kama baba yake ni mlango usiosikia. "Umeniaibisha, mwaitu. Na nasikia nau ulimwambia, kwa nini? Alikuwa ameshasahau. Umemwumiza bure."

Nilimgeukia mume wangu.

"Kwata ndai!"

Sikutegemea kitu. Nilisema kwa sababu mdomo wangu ulitaka kusema neno ambalo si tusi.

Musau alitafuna, akameza. Sauti ilikuja kama inatoka kisimani.

"Nakwata."

Kijiko changu kilinianguka. Nikakimbilia kile cha kwanza kilichokuja, cha watoto: "Nikitembea ananifuata, nikizima taa ananikimbia." Ni kivuli, hata mjukuu wangu wa mwisho anakijua.

Akawaza muda mrefu. Akatikisa kichwa.

"Basi nipe mji," nikasema, na tayari nilikuwa natabasamu, tayari nilisikia jua la Ekalakala mgongoni.

Musau alimtazama Munyao. Sijui kama alijua ni nani. Alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekalia kiti chake.

"Chukua Kinanie," akasema.

Munyao aliacha kutafuna.

Mchezo unataka kwamba nikishapewa mji, nijigambe nimekwenda huko, nimechinjiwa, nimekula nini. Nilitazama nyama kwenye sahani ya mwanangu, nikatazama iliyo kwenye sahani yangu.